Panya anayefunika sufuria: mwongozo kwa anayeamka usiku kula

Kifuniko cha sufuria hulia zaidi usiku. Mimi nilijua kukinyamazisha: unakishika kwa leso iliyokunjwa mara mbili, unainua upande mmoja taratibu, halafu unakilaza juu ya gunia, usikiweke kwenye simenti. Taa ni ya simu, nimeibana kwapani. Ndani kuna kipande cha ugali kilichobaki na sukuma wiki ambayo mafuta yake yameganda meupe, maana baridi ya Nakuru saa nane za usiku si ya mchezo. Nilikula nimesimama, haraka haraka, kisha nikarudi kitandani na usingizi ukanichukua papo hapo. Asubuhi baba watoto aliitazama ile sufuria akasema, bila kucheka, "Mama watoto, hii panya ya siku hizi imejua hadi kufunika."

Mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni, si daktari. Niliyoandika hapa nimeyapata kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi Kisumu na zamu zake nyingi ni za usiku, kwa tabibu aliyenihudumia, na kwa kuhangaika mwenyewe karibu mwaka mzima. Katika yote hayo lililonisaidia ni moja: njaa ya usiku hupikwa mchana. Anayepigana nayo usiku amechelewa. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za mchana.

Hatua ya kwanza: nunua daftari, usinunue kufuli

Kufuli nilinunua. Nikafunga kabati, ufunguo nikampa mtoto mkubwa auweke kwenye mkoba wa shule. Usiku wa kwanza nilikula sukari kwa kijiko kwa sababu ndiyo iliyobaki mezani. Wa pili vilevile. Wa tatu niliutafuta ule mkoba gizani, nikakanyaga paka, nyumba nzima ikaamka. Dada aliposikia alicheka hadi akakata simu, kisha akapiga tena: "Dadangu, hebu kwanza andika unakula nini kuanzia asubuhi. Usibadilishe kitu. Andika tu wiki moja."

Daftari la kurasa 48 linatosha. Kila siku andika saa na ulichokula, hata kama ni nusu andazi. Andika ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi, na kwanza kabisa ni nini kilichokuamsha: mkojo, kiungulia, maumivu, mawazo, simu, mtoto, au njaa yenyewe. Hapo ndipo watu hujidanganya. Wengi wetu huamshwa na kitu kingine kabisa, halafu tukiwa macho tunakumbuka chakula. Andika pia kama asubuhi ulikumbuka kwamba ulikula.

Wiki yangu ilikuwa hivi, kwa kifupi. Jumanne: chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi, andazi moja saa sita nikiwa kwenye cherehani, kisha hakuna kitu hadi saa tatu na nusu usiku, ndipo ugali mkubwa. Nimeamka saa nane. Jumatano, ni hivyohivyo. Alhamisi, hivyohivyo, ila andazi halikuwepo. Jumapili nilikula nyumbani mchana, wali na maharagwe, saa nane tukitoka kanisani. Usiku wa Jumapili sikuamka. Nilidhani ni baraka za ibada. Wiki ya pili Jumapili ikanijibu vilevile, nikaanza kushuku maharagwe.

Hatua ya pili: jua uko kundi gani

Usiruke hatua hii, kwa sababu makundi mengine hayatakiwi kufuata mwongozo huu bila kuonana na daktari.

Kundi kubwa ni la watu kama mimi: mchana hawali, usiku mwili unadai. Hawa hatua ya tatu ni yao.

Kundi la pili lina ugonjwa wenye jina lake, ugonjwa wa kula usiku. Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliueleza mwaka 1955, baada ya kuona baadhi ya wagonjwa wake wanene hawana hamu ya chakula asubuhi, wanakula sana jioni na usiku, na usingizi unawakataa. Vigezo vya siku hizi vinasema hivi: robo au zaidi ya chakula cha siku nzima kinaliwa baada ya chakula cha jioni, au mtu anaamka kula angalau mara mbili kwa wiki, hali hii inaendelea miezi mitatu au zaidi, na mwenyewe anajua anachofanya. Wengi huamini kabisa kwamba bila kula hawatapata usingizi tena. Mara nyingi huzuni au msongo wa mawazo uko hapohapo, na moyo huzidi kulemea jua likizama. Na usidhani ni wa wanene peke yao. Wembamba pia wanao. Una tiba: mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na kwa wengine dawa.

Kundi la tatu hawakumbuki. Wanaamka asubuhi wanakuta makombo kitandani, mafuta mikononi, jiko limewashwa. Hii ni ndugu ya kutembea usingizini. Wengine hula vitu visivyolika, kama unga mkavu au nyama mbichi. Dawa fulani za usingizi, zolpidemu ikiwemo, zinajulikana kuileta. Nami nalisema kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kununua vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari, na aliyeniuzia hakuniuliza hata swali moja. Ukiwa kundi hili, funga gesi kwenye mtungi kila usiku, ficha visu, na uende hospitali wiki hiyohiyo.

Kundi la nne linaamshwa na maumivu ya juu ya kitovu yanayotulia ukila. Wengi watakwambia ni njaa. Inaweza kuwa vidonda vya tumbo, hasa vya utumbo mwembamba, ambavyo kwa kawaida huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kama njugu. Vidonda hivi vina dawa. Maziwa ya saa nane si dawa yake.

Kundi la tano ni wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Ukiamka unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, sukari yako imeshuka. Kunywa kitu chenye sukari mara moja, pima kama una kipimo, na asubuhi mweleze daktari wako ili dawa ipangwe upya. Wewe usipunguze chakula cha usiku kwa sababu ya maneno ya fundi wa nguo.

Kuna na wengine ambao nitawapitia haraka: wajawazito, mama anayenyonyesha, anayetumia prednisoloni, dawa ambayo huamsha njaa. Hawa njaa yao ina sababu zake. Na anayekoroma sana, pumzi zikikatikakatika, kisha anaamka mara tatu kukojoa, shida yake huenda iko kooni. Apelekwe apimwe.

Hatua ya tatu: rudisha chakula mchana

Hapa ndipo kazi iko, na hapa ndipo nimechukua muda mrefu zaidi.

Anayekula usiku huamka bila hamu ya chakula. Anakunywa chai ya rangi, anasema "mimi asubuhi sijazoea," anaondoka. Sasa ile chai inakata makali ya njaa kidogo, kazi inakolea, mchana unapita. Jioni mwili unakuja na hesabu yote. Usiku ukila, asubuhi tumbo bado zito, hamu hakuna, na duara linaanza tena. Lazima ulikate mahali. Tabibu alinishauri nilikate asubuhi, hata kwa lazima kidogo.

Siku tatu za kwanza ni nusu kikombe cha uji wa wimbi, ndani ya saa moja baada ya kuamka. Usijaribu kula sahani nzima. Utatapika na utasema mwongozo huu ni wa uongo. Siku ya nne kikombe kizima. Wiki ya pili ongeza kitu cha kutafuna: kiazi kitamu, nduma, yai la kuchemsha, au kiporo cha githeri. Ndiyo, kile kiporo ulichokuwa ukikiiba usiku, ukile asubuhi mchana kweupe, umekaa. Mimi nilipoanza kukitengea kiporo sahani ya asubuhi, usiku nilikuwa nikikiona najiambia, "hicho ni cha kesho," na mara nyingi ilitosha.

Mchana ni mgumu zaidi kwa sababu ya hela na nafasi. Watu wa sokoni Kibuye, wa jua kali, wa boda, sisi wa cherehani mwezi wa kwanza wakati kila mzazi anataka sare ya shule jana: hakuna anayepumzika. Nilijaribu kwenda hotelini kula madondo na chapati, nikaona foleni na nikaona hela. Kilichofanya kazi ni chombo chenye kifuniko kutoka nyumbani. Ninapopakua chakula cha usiku, kabla mtu hajaketi, natenga cha mchana wa kesho. Ukisubiri kibaki hakitabaki. Maharagwe, ndengu au omena ndivyo vinavyonikalia tumboni. Chakula chenye protini na nyuzinyuzi hushikilia kuliko mkate mweupe na soda. Saa saba mkasi unawekwa chini. Mteja atangoja dakika kumi na tano.

Kama saa kumi jioni unasikia tumbo linaita, kula ndizi au njugu kiganja kimoja. Lengo ni kwamba ufike nyumbani una njaa ya kawaida, isiyo ya kumvamia mpishi.

Hatua ya nne: vuta chakula cha jioni mapema

Sisi wa Kisumu na Nakuru tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua letu huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Giza likiingia, ubongo huanza kumwaga homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Homoni hiyohiyo huzuia kongosho kutoa insulini ya kutosha. Ndiyo maana sahani ileile ya ugali hupandisha sukari ya damu zaidi ukiila saa nne usiku kuliko saa mbili asubuhi. Tumbo nalo usiku humwaga taratibu. Ukijilaza juu ya chakula, asidi hupanda, kiungulia kinakuamsha, na ukishaamka unajua unakoelekea.

Kwa hiyo acha saa mbili hadi tatu kati ya sahani na mto. Ukilala saa nne, saa moja na nusu uwe umeshakula. Najua utakavyosema: kwetu chakula huiva saa tatu, baba hajafika, habari za runinga ndizo kengele ya kula. Nyumbani kwangu tulizozana kwa wiki mbili juu ya hili. Baba watoto alisema hawezi kula saa moja kama mgonjwa wa wodini. Tulikubaliana hivi: mimi na watoto tunakula saa moja na nusu, yake inafunikwa, akifika nakaa naye na kikombe cha maji. Maharagwe nayachemsha Jumapili na Jumatano, ili jioni iwe ni kukaanga tu.

Kiungulia kikikusumbua hata hivyo, lala ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii vizuri, kunakunja tumbo tu.

Hatua ya tano: chai, pombe na dawa

Kafeini huchukua saa tano hivi kupungua nusu mwilini. Chai ya majani ya saa mbili usiku, saa saba bado nusu yake inazunguka damuni. Kikombe cha mwisho kiwe saa tisa alasiri. Baada ya hapo maziwa, au maji moto yenye tangawizi. Hii kwa Mkenya ni adhabu, nakubali. Miraa ni kundi hilohilo, tena mbaya zaidi, kwa sababu mchana inaua njaa na usiku inaua usingizi.

Pombe inalaza haraka kisha inavunja usingizi katikati ya usiku. Wanaokula mutura saa tano wakitoka kilabuni wanajua salio lake.

Dawa zako zipitie na mtaalamu. Kwa mfano dolutegraviri, wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI wanaijua, huweza kusumbua usingizi kwa baadhi ya watu, na kuhamisha saa ya kuimeza huwasaidia. Uliza kliniki yako. Usihamishe wala kuruka mwenyewe.

Hatua ya sita: ukiamka hata hivyo

Utaamka. Mwezi wa kwanza niliamka karibu kila usiku. Usiwashe taa kubwa na usifungue simu. Mwanga ule unauambia ubongo kumekucha. Kojoa, kunywa maji kidogo, rudi. Njaa ya usiku huja kama wimbi la ziwani, inapanda, inakaa, inashuka. Mimi nilihesabu kugeuza pindo la suruali kichwani, mshono kwa mshono. Ikipita kama dakika ishirini bado u macho, toka kitandani ukae kwenye kiti gizani hadi usingizi urudi.

Ikishindikana, kula, lakini kwa masharti: uketi, utumie sahani, kiwe kitu ulichokitenga mchana, kidogo, kisicho na sukari wala mafuta mengi. Ndizi ndogo. Nusu glasi ya maziwa. Kula umekaa kuna aibu yake nzuri. Mara tatu nilipakua sahani, nikaiangalia, nikairudisha. Na usukutue mdomo kwa maji kabla ya kulala, maana usiku mate hupungua na meno huachwa bila mlinzi. Mandazi ya saa nane yamenigharimu gego moja.

Usijitukane asubuhi. Andika kwenye daftari, kunywa uji wako kama kawaida. Anayeruka uji ili "kulipa" cha usiku amejifunga tena kwenye duara.

Usingizi wenyewe utaulinda vipi? Saa ya kuamka iwe moja kila siku, Jumapili pia, na utafute saa saba au zaidi kitandani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana wanaume 12 saa nne tu kitandani kwa siku mbili. Ghrelini, homoni ya njaa, ikapanda. Leptini, ile ya kushiba, ikashuka. Na vijana wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Kwa hiyo ukila unaharibu usingizi, na usingizi ukiharibika unakula.

Kwa wanaofanya kazi usiku

Mlinzi, muuguzi, wa boda, mpakuzi wa samaki: kwenu haifai kusema "usile usiku" na kuondoka. Dada yangu anafanya hivi. Anakula chakula kamili saa kumi na mbili jioni kabla ya kuingia zamu. Kati ya saa sita na saa kumi na moja alfajiri anaepuka mlo mzito, anakuwa na njugu, yai au tunda. Akitoka anakunywa uji, anafunga mapazia, analala. Mwaka 2021 watafiti wa Boston waliwaweka watu 19 kwenye ratiba ya kazi za usiku: waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4, waliokula mchana tu haikupanda kwa kiasi cha kuhesabika. Anayejua hili hawezi kuichukulia sahani ya chipsi ya saa tisa kama kitu kidogo, ingawa dada anakiri kwamba zamu ikiwa mbaya anaila.

Hatua ya saba: nenda ukapimwe

Kula usiku kwa muda mrefu huandamana na uzito, sukari na presha. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu ana mashine ya presha na ya sukari kwenye mkoba wake, mwite. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi irudiwe kituoni. Sukari ya kufunga, 7.0 mmol/L au zaidi, irudiwe pia kabla ya kuitwa kisukari.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonikuta. Kipimo cha kufunga kinataka uwe hujala kwa angalau saa nane. Anayekula saa tisa usiku na kupimwa saa mbili asubuhi hajafunga, hata kama anaapa hakunywa chai. Nilipoulizwa, "Mama, umekula kitu?" nikajibu hapana, nikihesabu tangu kuamka. Mashine ikasoma 8.1. Tabibu alikuwa ameshaanza kuniandikia nilipokumbuka kwamba mficha uchi hazai, nikamwambia ukweli, na sufuria, na leso. Hakucheka. Alikata alichoandika, akaomba kuona daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa mbili na kuniuliza chakula cha mchana kiko wapi. Akaniambia nirudi Ijumaa, na usiku wa Alhamisi nimwambie mzee alale upande wa mlango.